Kupiga Hesabu na Kutoa Hesabu

Tabora iko mbali na bahari. Zamani msafara uliotoka Bagamoyo ulikwenda kwa miguu miezi mitatu hivi kabla ya kufika Unyanyembe, na wenye safari ya Ujiji walikuwa bado na njia ndefu mbele yao. Hata hivyo, kijana wa Tabora wa leo aweza kuketi usiku mbele ya kompyuta akawa nahodha wa nyambizi. Michezo ya namna hiyo, kama Silent Hunter uliotoka mwaka 1996 na matoleo yaliyoufuata, humpa mchezaji periskopu, ramani, na meli ipitayo mbali, kisha humwachia kazi ya kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ina uzuri wake. Mchezaji hupima jinsi mlingoti unavyoonekana kwenye kioo na, kwa kuwa urefu wake wa kweli unajulikana, hupata umbali. Huangalia muda unaochukuliwa na meli kupita mstari wa periskopu, kutoka omo hadi tezi, akapata mwendo. Kisha topido haielekezwi pale meli ilipo, bali pale itakapokuwa. Meli iliyotoa ubavu ikienda maili 10 za bahari kwa saa, na topido ikienda 30, topido hutangulizwa mbele kwa nyuzi 19 na nusu hivi. Ni hesabu ya pembetatu inayofundishwa shuleni.

Je, pana ubaya gani hapo? Atasema msemaji kwamba huu ni mchezo, wala hapana aliyezama. Ataongeza, naye atakuwa amesema kweli, kwamba nahodha wa jahazi avukaye mkondo kwenda Pemba hupiga hesabu iyo hiyo, na mchezaji mpira hutanguliza pasi mbele ya mwenziwe. Kukisia mwendo wa mwingine si dhambi.

Lakini tofauti ipo. Mwenye kupokea pasi anajua kuwa inakuja. Hesabu ya topido husimama juu ya kutojua: meli ikigeuka, nyuzi zote zimeharibika. Ndiyo sababu katika vita meli hupindapinda njiani. Utulivu wa mabaharia walioko sitahani, na imani yao kwamba bahari ni shwari, umekwisha kutiwa katika hesabu pamoja na mwendo na umbali.

Njia ya Tabora inaijua hesabu ya upande mmoja. Mfanyabiashara alihesabu frasila za pembe, nguo, shanga, na siku za kutoka maji hadi maji. Mpagazi wa Kinyamwezi alihesabiwa, lakini naye alihesabu: alipatana ujira, na alipodhulumiwa aliweza kutua mzigo akaenda zake. Mtumwa alihesabiwa tu. Akifia njiani, kwa mwenye daftari alikuwa ni hasara, na hasara haina jina wala mama.

Bahari nayo ina misafara yake. Mwezi Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Katika meli ya Khedive Ismail walikuwamo zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilipiga hesabu yake ikasibu. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297.

Kisha ikaja hesabu ya pili, ngumu kuliko ya kwanza. Nyambizi ilikuwa chini ya maji, na juu yake walielea walionusurika. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na meli nyingine za askari za kulinda. Mabomu ya kina yalitupwa karibu na watu waliokuwa wakiomba kuokolewa. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile, na msafara uliobaki ukapona.

Yumkini hapakuwa na njia nyingine. Wachache walipimwa na wengi, na mizani ikaelemea upande mmoja. Lakini mizani huonyesha lililo dogo tu, wala haiwezi kusema kwamba walio wachache hawadai kitu. Aliyetoa amri ile aliwaona watu majini. Mwenye periskopu aliona mlingoti na ubavu wa chuma. Kama makosa yao si sawa, tofauti yake haimo katika idadi ya waliokufa, bali katika nani alikubali kujua amtendea nani.

Kiswahili kimeweka mambo haya mawili katika neno moja. Mtu hupiga hesabu, na mtu hutoa hesabu. La kwanza laweza kufanywa peke yake, gizani, mbele ya kioo. La pili halina budi kuwa na wa kulisikiliza, na mara nyingi huyo ndiye aliyeachwa nje ya la kwanza. Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kijana wa Tabora ana haki ya kuufurahia mchezo wake, na pembetatu zake zitamfaa. Akipiga sawasawa, kioo kitamwandikia tani alizozamisha. Khedive Ismail ilikuwa tani 7,513. Iliyobaki ni idadi ambayo itampasa kuiuliza mwenyewe.