Nani Amfundishe Mtoto Kukataa?

Katika masomo ya stadi za maisha yaliyoingizwa katika shule za msingi za Tanzania, lipo neno moja linalorudiwa kuliko mengine yote. Neno hilo ni hapana. Mtoto wa darasa la tano huelezwa kwamba mwili wake ni wake, kwamba zawadi ya mtu mzima huweza kuwa na deni ndani yake, na kwamba akiguswa pasipostahili apaze sauti, akimbie, kisha amweleze mtu anayemwamini. Darasa huitikia kwa pamoja, hapana, kama linavyoitikia jedwali la kuzidisha. Kengele ikishalia, mtoto yule yule hutumwa kwenda kuchota maji ya mwalimu, na hapo hakuna anayetarajia kulisikia tena neno lile.

Je, yawezekana mtoto akafundishwa kukataa na mtu asiyekubali kukataliwa? Swali hili ni la walezi wote, lakini kuna pande za nchi ambako limeulizwa kwa gharama kubwa zaidi. Upande mmoja ni ufuko wa magharibi wa Ziwa Victoria, Bukoba na Muleba, mkoani Kagera.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana huko mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa na wachuuzi kutoka Uganda, kwa sababu waliozivaa ndio walioanza kukonda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba mjini Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi, takriban mmoja katika kila wanne. Kufikia mwaka 1996 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3. Wako waliobadili mwenendo, hakika. Lakini takwimu za namna hii hushuka pia kwa watu kuzikwa.

Migomba ya Kagera, ile mashamba ya kibanja yanayoizunguka kila nyumba, ndiyo makaburi ya wenyewe. Mtoto wa miaka ya tisini aliokota kuni na kuchuma ndizi hatua chache kutoka alipolala baba yake, na aghalabu ni yeye aliyekuwa amemnywesha uji mwezi uliotangulia. Watafiti wa uchumi waliowafuatilia watoto wa mkoa huo tangu mwaka 1991, kisha wakawarudia mwaka 2004, walikuta kwamba waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano walikua wafupi kwa sentimita mbili hivi, na walisoma pungufu ya mwaka mmoja. Kufiwa kuliandikwa katika mifupa yao. Kwa hiyo hoja kwamba mtoto wa shule ya msingi ni mchanga mno kuambiwa habari za mwili na maradhi haihitaji kujibiwa kwa kirefu. Aliyekwisha kuyaosha mashuka ya mgonjwa anayajua mengi. Asichokuwa nacho ni mtu mzima wa kuyazungumza naye.

Wahaya hawakuwa bubu katika mambo haya. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyepewa kazi ya kumwandaa binti, kama ssenga alivyofanya kwa jirani zao wa Buganda, na kama kungwi na somo walivyofanya hapa visiwani. Wengi wanamkumbuka Bi Kidude kwa sauti yake na ngoma yake, na wanasahau kwamba hadi uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 2013, aliheshimiwa pia kama mwalimu wa unyago. Mafunzo hayo yalikuwa na uzuri ambao shule haijaupata: yalikuwa na mahali pake na wakati wake, na aliyefundisha alibaki kuwa mdhamini wa aliyefundishwa. Hata hivyo si haki kuyapamba kupita kiasi. Yalimfunza binti namna ya kuipokea ndoa, kustahimili na kusitiri. Kukataa hakukuwa sehemu kubwa ya somo. Tena yalimfikia akiwa amekwisha kuvunja ungo, naye mtoto wa miaka tisa hakuwa na kungwi. Kisha maradhi yakaja yakawachukua mashangazi wenyewe.

Ndipo kazi ikaangukia kwa mwalimu wa shule, na mwalimu ameingia darasani akiwa amebeba methali mfukoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndani ya methali hiyo mna adabu yote ya mtoto wa Kiafrika, Bara na Visiwani. Mkubwa husikilizwa kwanza, na sababu hutolewa baadaye kama zitatolewa. Mtoto mwenye haya, na neno hili lisichanganywe na jina la kabila, huinamisha macho anaposemeshwa. Sifa hizi ni njema, na jamii isingesimama bila yake. Lakini mtu mwovu anazijua pia. Anayemdhuru mtoto aghalabu hatoki mbali: ni mtu wa nyumbani, jirani au mlezi, na silaha yake ya kwanza ni utii ambao wengine wamemjengea mtoto.

Ushahidi wa udhaifu wa somo lililosimama peke yake ulipatikana ng'ambo ya ziwa, mkoani Mwanza. Mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 kufundisha afya ya uzazi katika darasa la tano hadi la saba, nao ukapimwa kwa uangalifu mkubwa, jamii zilizofundishwa zikilinganishwa na ambazo hazikufundishwa. Matokeo yalipotolewa mwaka 2007, yalionyesha kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka na majibu yao yalikuwa bora. Lakini vipimo vya damu havikuonyesha kupungua kwa maambukizi, wala mimba hazikupungua. Wako wanaotumia matokeo hayo kusema kwamba elimu hiyo haifai kitu. Hitimisho hilo ni la haraka. Kinachoonekana ni kwamba kijana alijua la kufanya na akabaki katika dunia ile ile ya watu wazima, wenye nguvu na fedha zile zile. Kumpa mtoto neno na kumnyima uwezo wa kulitumia ni kumhamishia lawama. Akidhurika baadaye ataulizwa: si ulifundishwa kusema hapana?

Hapa ndipo kiboko kinapoingia katika mjadala. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko shuleni, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au yule aliyemteua, na viandikwe kitabuni. Mwezi Agosti 2018 kifo cha mwanafunzi wa darasa la tano wa shule moja ya msingi ya Bukoba kilihusishwa na adhabu hiyo, shauri likafika mahakamani, na nchi nzima ikashtuka. Mtu anaweza kusema kwamba hilo lilikuwa tukio la nadra, na nadra lilikuwa. Lakini swali la kimaadili haliko katika idadi. Mtoto aliyezoeshwa kwamba mwili wake waweza kuadhibiwa na mkubwa pasipo yeye kuwa na neno, ataanzaje siku ya pili kuamini kwamba mwili ule ule ni mali yake?

Mwenye kupinga atasema: mkimruhusu mtoto kukataa, atakataa kuoga, atakataa hesabu, atamkataa na baba yake. Pingamizi hili lina uzito, wala halijibiwi kwa kucheka. Jibu lake limo katika tofauti kati ya amri yenye sababu na amri yenye nguvu tupu. Anayemwambia mtoto akaoge anaweza kumweleza kwa nini, mbele ya mtu yeyote. Anayemwambia asimwambie mama hawezi. Mtoto aliyezoea kupewa sababu huitambua amri isiyo nayo, na aliyezoea kutii tu hana kipimo cha kuzitenganisha. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ikuze akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa yasiyofaa. Katika shule nyingi sehemu ya jembe ilishikwa. Sehemu ya kukataa haikushikwa.

Na kukataa kuna bei yake. Katika kata ya Nshamba, Muleba, shirika la Humuliza, ambalo jina lake kwa Kihaya ni faraja, lilianza miaka ya tisini kuwashughulikia yatima kwa kuwasikiliza kabla ya kuwafundisha. Mwaka 2003 ukaanzishwa huko huko mpango wa Kwa Wazee, wa kuwapa bibi waliobaki na wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi, na taarifa ya utafiti kuhusu pensheni hiyo, ya mwaka 2008, ilibeba katika jina lake chumvi, sabuni na viatu vya shule. Anayejua maisha ya msichana wa shule anaelewa mara moja. Msichana asiye na sabuni hukutana na mwanamume mwenye sabuni, na somo la hapana hufikia kikomo chake hapo. Bibi mwenye pensheni, hata ikiwa ndogo kiasi gani, ameongeza nguvu katika neno la mjukuu wake kuliko ubao uliojaa maandishi.

Baadaye wasichana wa huko wakafundishwa pia kujihami, kwa mikono na kwa sauti: kusimama imara, kumtazama mtu usoni, kupiga mayowe. Katika vijiji vya Kagera mayowe hayapotei. Yakipigwa usiku kwa ajili ya mwizi wa kahawa, wanaume hutoka kila kibanja wakiwa na panga na tochi, bila kuuliza aliyepiga ni nani. Yakipigwa na mtoto wa darasa la sita kutoka nyumba ya mtu mwenye heshima zake, watu husimama kwanza mlangoni, wakasikiliza yanatoka kwa nani.