Hesabu ni ya nani? Mufupa wa Ishango na namna yetu ya kuhesabu

Karibu miaka 20 sasa ninafundisha hesabu mu masomo ya sekondari, kwanza Butembo na kiisha Beni. Kila mwaka, mwezi wa 9 ukifika, sikose mwanafunzi mumoja wa kuniambia neno lile lile: "Mwalimu, hesabu ni akili ya Wazungu, sisi tunasumbuka bure." Mwaka mumoja, aliyesema vile alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, aliyekuwa amepata 3 juu ya 20. Siku ya posho nikamukuta sokoni kwenye meza ya mama yake, anauza mafuta na chumvi. Mununuzi alitoa dola 10, akachukua vitu vya franka, akataka salio nusu kwa dola na nusu kwa franka. Kijana hakushika kalamu. Alitazama juu kidogo, akatoa salio, na salio ilikuwa sawa. Mimi mwalimu wake nilikuwa ningali ninahesabu.

Tangu siku ile ninajiuliza maulizo mawili, na ndiyo ninataka tuzungumuze hapa. La kwanza: hesabu ni ya nani? La pili, ndilo zito zaidi: mutu anapohesabu, anafanya kitu gani? Kwani wazee wetu walikuwa na hofu ya kuhesabu vitu fulani, na mimi kijana wa masomo nilizani ni ujinga. Leo siwaze tena vile.

1. Mufupa uliotoka kwetu

Mutu akitoka Beni na kufuata barabara ya Kasindi, kiisha akishuka kusini ndani ya Parke ya Virunga, anafika Ishango, pale muto Semliki unapotoka ndani ya ziwa Édouard. Wengi wetu tunajua Ishango juu ya samaki na viboko. Mwaka 1950, Mubelgiji mumoja mwenye elimu ya mawe na udongo, Jean de Heinzelin de Braucourt, alichimba pale. Alikuta vitu vya watu wa zamani waliokaa kando ya maji na kuvua samaki: ncha za mikuki ya mifupa zenye meno, mawe ya kusagia, na mufupa mumoja mudogo wa rangi ya kahawia, urefu karibu sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha. Juu ya mufupa ule mutu alikata alama kwa safu tatu.

Alama zile ziko kwa makundi. Safu moja iko na makundi ya 11, 13, 17 na 19. Safu ingine iko na 11, 21, 19 na 9. Safu ya katikati iko na 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumulisha wewe mwenyewe, ndugu musomaji: ya kwanza inatoa 60, ya pili 60, ya katikati 48. De Heinzelin alipoandika juu ya mufupa ule mwaka 1962, hakuzani kama ni wa zamani sana. Lakini uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kama uko na miaka karibu 20,000 ao kupita. Piramidi kubwa za Misri ziko na miaka karibu 4,500. Linganisha.

Juu ya maana, wenye elimu hawapatane. De Heinzelin aliona muchezo wa namba: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, ni kusema mara mbili na nusu, tena 11, 13, 17 na 19 ndizo namba zote kati ya 10 na 20 zisizogawanyika. Mumarekani Alexander Marshack alifikiri ni kalenda ya kufuata mwezi wa mbinguni. Claudia Zaslavsky, aliyeandika kitabu Africa Counts mwaka 1973, aliuliza kama si mwanamuke aliyehitaji kwanza kuhesabu siku za mwezi. Wengine wanasema alama zilikatwa tu ili mukono usiteleze.

Ninawaeleza wanafunzi maoni yale yote. Siwaambie kama wakaaji wa Ishango walikuwa maprofesa wa hesabu, kwani sifa ya uongo haimusaidie mutoto. Tena siwaambie kama walikuwa Wanande. Sisi tulifika mu inchi hii nyuma sana, wao walikuwa wamekwisha kupita. Lakini makundi na nafasi kati yao, kila mutu anaweza kuyaona kwa macho yake. Na maji wanayokunywa watu wa pale leo ni maji yale yale.

Sasa mufupa uko wapi? Uko Bruxelles, ndani ya Institut royal des Sciences naturelles. Yule kijana wangu anayesema hesabu ni ya Wazungu, kitu cha hesabu cha zamani kuliko vingi duniani kilitoka mu teritware yake mwenyewe, na mutu wa kwenda kukitazama anaomba viza. Pengine si yeye peke yake mwenye kosa.

2. Namba haina kabila

Lakini nisiwadanganye upande mwingine. Kusema "hesabu ni yetu, ilizaliwa Ishango" ni kosa sawa na lile la kusema ni ya Wazungu. Chukua samaki 13 za Kyavinyonge. Gawanya kwa watu 2, inabaki moja. Kwa watu 3, inabaki moja. Kwa watu 4, inabaki moja. Kwa watu 5, zinabaki tatu. Jaribu mpaka 12, utakosa kila mara mugawanyo ulio sawa. Hakuna shefu, hakuna gavana, hakuna Muzungu anayeweza kutoa amri 13 igawanyike. Ilikuwa vile mbele ya Wabelgiji, na itakuwa vile nyuma yetu. Kitu kisichosikia amri ya mutu hakiwezi kuwa mali ya kabila moja.

Ile iliyo ya watu ni namna ya kuishika. Angalia Kiswahili chetu. Moja, mbili, tatu, ine, tano, nane, kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa zilitoka kwa Waarabu. Waswahili wa pwani walikuwa wakisema pia mutandatu, mufungate na kenda. Mia na elfu ni za Waarabu, laki ni ya Wahindi, milioni ni ya Wazungu. Na sisi hapa, mama akitaja bei, anaanza kwa Kiswahili na kumaliza kwa Kifaransa. Biashara yote ya karne nyingi iko ndani ya kinywa chake. Muchezo wa bao, wenye mashimo 32 na mbegu 64, unachezwa kutoka pwani mpaka Uganda na Rwanda kwa majina mbalimbali, na wachezaji wake wanapiga mahesabu ambayo wanafunzi wangu wangeyakimbia yakiandikwa kwenye ubao.

Basi jibu langu kwa ulizo la kwanza ni hili: namba si ya mutu, lakini kuhesabu ni kwa watu. Na hapo ndipo ulizo la pili linaingia.

3. "Mutu si kuku"

Nilipokuwa mutoto, mukaka wangu, mama ya mama yangu, hakupenda mutu ahesabu watoto. Mugeni akiuliza, "Uko na watoto wangapi?", alijibu, "Ni hawa unaona," ao alitaja majina yao moja moja, kutoka mukubwa mpaka mudogo, wafu pamoja na wazima. Kuku alihesabu. Magunia ya maharagi alihesabu, na hakuna mutu aliyeweza kumuibia hata kopo moja. Lakini watoto hapana. Siku moja nilirudi kutoka masomo nikajisifu: "Mukaka, nimetuhesabu, tuko 14!" Alinipiga kofi kidogo akasema: "Mutu si kuku."

Nilipoingia ISP nilijifunza kama hofu ile iko kwa makabila mengi ya Afrika ya Mashariki, na wengine wanaitunza hata kwa ng'ombe. Biblia pia inaeleza namna Mufalme Daudi alihesabu watu wake, na azabu ikafuata. Tulicheka mu darasa. Tulisema ni imani za zamani.

Sasa ninaona mukaka alikuwa amegusa kiini cha hesabu kuliko profesa wangu. Kwani ili uhesabu, lazima usahau tofauti. Alama ya tano ya mufupa wa Ishango ni sawa na alama ya sita. Maharagi matatu ni matatu, hauulize jina la kila moja. Ndiyo nguvu ya namba: inafanya vitu visivyofanana vifanane. Na ndiyo hatari yake. Ukiifanyia magunia, ni akili. Ukiifanyia watoto, kuna kitu umekwisha kuwaondolea.

4. Kopo na feza

Wazee hawakukataa namba. Walitaka iwe na mutu wa kuijibia. Mu soko letu tunapima kwa kopo, na kila mutu anajua mabaya ya wauzaji fulani: wanapiga chini ya kopo kwa nyundo, chuma kinaingia ndani, na kopo linabeba kidogo. Anayenunua anahesabu makopo 5, na ni kweli ni 5. Namba haikusema uongo. Mutu ndiye alisema uongo ndani ya namba.

Serikali pia inaweza kupiga kopo chini. Wa umri wangu wanakumbuka. Mwaka 1992 kulitoka noti ya zaire 5,000,000. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuka zaire mupya moja. Mwaka 1998 zaire mupya 100,000 zikageuka franka moja ya Kongo. Piga hesabu: franka moja ilibeba zaire za zamani miliari 300. Sisi watoto tulijua kusoma mamilioni, na mu nyumba hakukuwa sabuni. Pale nilijifunza kama sufuri nyingi hazifanye utajiri pale uaminifu umekwisha. Kwa hiyo likelemba ya wamama 10 wanaojuana inaweza kusimama pale benki imeanguka. Hesabu yao ni ndogo, lakini nyuma ya kila namba kuna sura ya mutu.

5. Siku 21, na majina

Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, Ebola ilitangazwa mu Mangina, kwetu Beni. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020: wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Wakati ule mu Beni na Butembo tulihesabu kuliko wakati wowote. Aliyegusa mugonjwa alihesabiwa siku 21. Ninajua jamaa iliyokata alama kwa mukaa kwenye ukuta, siku kwa siku. Niliona alama zile nikawaza mufupa. Wengi walichukia namba za kila siku, walisema ni biashara. Lakini ile 21 ya ukutani iliponya watu.

Tena kuna vita. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 watu wa Beni wanachinjwa. Asubuhi moja nilikuwa ninataka kufundisha asilimia. Musichana mumoja aliyekuwa ametoka kwenye kilio aliinua mukono akasema: "Mwalimu, redio imesema 7. Sisi tulizika 9."

Darasa lilinyamaza. Sikuwa na jibu ndani ya kitabu. Nilimuuliza majina. Aliyataja, mimi niliandika kwenye ubao, moja chini ya ingine, na kwa wengine alisema: huyu alikuwa na duka la chumvi, huyu alikuwa na mimba. Alipomaliza, nilimupa chaki nikamuambia ahesabu. Alihesabu kwa sauti mpaka 9, akaandika 9 chini ya majina, akapiga musitari.

Siku ile nilielewa kama mukaka na ISP hawakuwa wanapigana. Namba pasipo majina inageuza watu kuku: leo 7, kesho 12, na musikilizaji anabadilisha redio. Lakini majina pasipo namba pia hayatoshe, kwani wakubwa walio mbali watasema "ni watu wachache tu", na wale wawili waliosahauliwa watakufa mara ya pili. Anza na majina, kiisha hesabu, na usiache hata moja. Anayehesabu ni shahidi. Akipunguza moja anakosea wafu, akiongeza moja anakosea wazima.

Basi, ndugu wasomaji, naomba mambo mawili. Walimu wenzangu, tuonyeshe watoto mufupa wa Ishango, hata kwa picha, mbele ya kuwafundisha Pythagore, na tuwaulize nani alitengeneza kopo la soko lao. Na mu kila kijiji na kila kartiye, kuwe daftari moja ya wafu wetu, majina kwanza, jumla chini. Yule musichana amekwisha kuolewa. Daftari ya kwao iko kwake, na mara ya mwisho nilipoiona, jumla ilikuwa imekatwa na kuandikwa upya mara nyingi.