Nishani ilimkuta na miaka 102

Bibi Romay Davis alikabidhiwa Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani mwaka 2022, mjini Montgomery, Alabama, akiwa na miaka 102. Vita vyenyewe, Vita vya Pili vya Dunia, vilikwisha 1945. Katika kikosi chake cha wanawake 855, waliokuwa bado hai ungeweza kuwahesabu kwa vidole.

Kilikuwa Batalioni ya 6888 ya posta, karibu wote wanawake weusi, chini ya Meja Charity Adams. Walipofika Birmingham, Uingereza, mapema 1945, walikuta maghala yamejaa barua na vifurushi vya askari hadi darini. Madirisha yamepakwa rangi nyeusi ili ndege za adui zisione taa, baridi inakata mifupa, na panya wamekwishatoboa vifurushi na kula keki za mama za watu. Barua nyingine zilikuwa na jina la utani tu. Askari walioitwa Robert Smith walizidi 7,000. Hebu nawe kamtafute Juma Hamisi hapa Dar es Salaam kwa jina hilo peke yake. Wakatengeneza kadi ya kila askari na namba yake, wakagawana zamu tatu, usiku na mchana. Walipewa miezi sita. Walimaliza kwa mitatu.

Zilikuwapo pia barua za waliokwisha kuuawa, ambazo zilirudishwa zilikotoka. Hapo huwa nakwama. Binti wa miaka ishirini na kitu ameshika bahasha ya mama wa mtu, naye anajua kwamba haina tena wa kuifungua.

Bibi Romay alikuwa dereva wa kikosi. Walipohamia Rouen, Ufaransa, wenzao watatu walikufa katika ajali ya gari Julai 1945, na jeshi halikutoa fedha za majeneza. Wakachangishana wenyewe. Sisi tuliozoea daftari la mchango msibani hatuhitaji kufafanuliwa.

Walirejea kwao bila gwaride. Bibi Romay akaenda New York kusomea ubunifu wa mavazi, akaifanya kazi hiyo miaka mingi, akapata mkanda mweusi wa taekwondo akiwa anakaribia miaka 80, kisha akaajiriwa katika duka la vyakula, mpaka alipofika miaka 101. Wengi wa majirani zake, nadhani, walimjua kama yule bibi wa dukani.

Nasi tuna la kujibu. Babu aliyekuwa keya, askari wa mkoloni, akapelekwa Burma, habari zake wanazo hata wajukuu ambao hawakumwona. Bibi tunamuuliza dawa ya kifua na nani ni shemeji wa nani. Nani alilima, aliuza nini, aliwalishaje watoto miaka yote ambayo babu hayupo, hayo hatumuulizi, na akianza kuyasema mwenyewe tunaongeza sauti ya redio.

Shukrani ya kusubiriwa miaka 77 ni bahati nasibu, anaipata aliyejaliwa umri. Charity Adams alifariki 2002. Mwaka 2023 kambi moja ya jeshi Virginia ilipewa jina lake pamoja na la Jenerali Arthur Gregg. Mwaka 2025 majina hayo yakaondolewa, kambi ikaitwa tena Fort Lee. Bibi Romay hakulishuhudia hilo. Alifariki 2024, akiwa na miaka 104.