Haki ya kumuua chonga inaishia wapi?

Katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mnazi mmoja uani ni mali. Hutoa nazi ya mboga, makuti, fagio na kivuli. Ndiyo maana mwenye nyumba akiona kuti jipya limechomoza likiwa limekatwa pembetatu, kama lililopitiwa na mkasi, moyo humuuma. Anajua chonga ameingia, na hatua inayofuata kwa walio wengi ni kwenda dukani kununua sumu.

Swali langu si kama chonga anauliwa au hauliwi. Anauliwa. Mdudu anayeharibu mali na chakula cha watu huruhusiwa kuondolewa. Wapo wanaoleta hadithi mashuhuri kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Wakasema basi chonga naye aachwe ale. Hoja hii inapendeza lakini haitoshi. Mti ukifa hatakula ndege wala mtu, na sadaka yenyewe itakuwa imekatika. Swali langu ni kwamba haki hiyo ya kuua inaanzia wapi na inaishia wapi.

Tumtazame kwanza mdudu mwenyewe. Chonga mkubwa, yule mwenye pembe, huruka usiku na kutoboa kilele cha mnazi ili apate utomvu wa makuti machanga. Akifika kwenye moyo wa mche, mche hufa. Lakini watoto wake hawakai mnazini. Yule funza mnene mweupe aliyejikunja hukaa ndani ya magogo ya minazi yanayooza na kwenye marundo ya samadi, akila uozo huo kwa miezi kadhaa kabla ya kugeuka mdudu kamili. Sasa fikiri, ndugu msomaji: gogo hilo ameliacha nani? Mnazi ulikufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, tukaukata, tukatoa mbao tulizozitaka, na kipande kilichobaki kikalala nyuma ya choo miaka miwili. Kwa hakika sisi ndio tunaomfuga chonga, kisha tunamhukumu, na katika hukumu hiyo tunawaingiza wasiohusika.

Hapo ndipo sumu inaponitia mashaka. Sumu haijui mpaka wa kiwanja. Zipo zinazofyonzwa na mti na kusambaa ndani yake, na mnazi ule ule ndio tunaoangua madafu. Nyingine humiminwa kutoka chombo chake na kuuzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila jina wala maelezo, ikawekwa jikoni mahali anapofika mtoto. Kuku wa jirani hula mdudu aliyekufa kwa sumu. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kulipizana madhara, na sioni kwa nini kanuni hiyo iishie kwenye biashara na ndoa tu.

Wapo pia majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Watu huwachukia kwa sababu wanauma. Lakini majimoto humzuia mdudu mwingine, wa jamii ya kunguni, anayefyonza vidaka hadi vikadondoka. Anayepuliza dawa ovyo kwa ajili ya chonga anaweza kuwamaliza majimoto, kisha akashangaa mnazi umepona kilele lakini hauzai. Na sisimizi ni katika viumbe ambavyo hadithi imekataza kuviua. Wanazuoni wengi wameliweka katazo hilo kwa wale wasiodhuru.

Kuhusu gogo, ushauri wa kawaida ni kulichoma moto. Hapa pana uzito, kwa kuwa imepokewa kwamba kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto peke Yake. Wanazuoni wamelijadili, na wapo walioruhusu kwa wadudu pale isipopatikana njia nyingine. Mimi naona njia nyingine ipo na ni rahisi: pasua gogo kwa shoka, watoe funza uwape kuku, kisha kuni zikikauka zipeleke jikoni. Samadi ipinduliwe mara kwa mara, nayo kuku wataijia wenyewe.

Chonga aliyekwisha kuingia kileleni hutolewa kwa waya wenye ncha iliyopindwa kama ndoana. Mkwezi hufuata tundu, humchoma na kumvuta nje. Huko ni kuua kwa haja, na kunatakiwa kuwe kwa haraka, maana tumeamrishwa wema hata katika kuua. Kumfunga uzi mguuni ili watoto wamrushe jioni nzima ni jambo jingine kabisa, na wazazi tunaolitazama tukicheka hatuna hoja ya mnazi ya kujitetea nayo.

Linabaki gogo lililo kwenye kiwanja cha jirani. Chonga anayezaliwa pale ndiye atakayekula mnazi wangu, na mwenye gogo huenda ni mzee asiye na nguvu wala fedha ya kibarua. Sioni haja ya kumpeleka kwa mjumbe. Ningebisha hodi, nikaomba ruhusa ya kulipasua mwenyewe, na funza wangebaki kwa kuku wake.