Je, ni Kukosa Imani Kulipia Ugonjwa Usiokuwa Nao?

Liko swali linalowasumbua wengi wanaokaribia mwisho wa kazi: mwalimu aliyebakiza miaka miwili darasani, karani, mlinzi wa usiku, na hata mama muuza ndagala ambaye magoti yake yamekwisha kuchoka. Wanaalikwa kujiandikisha katika mutuele ya afya, ndicho chama cha watu wanaochanga fedha kila mwaka, ili mmoja wao akiugua, hospitali ilipwe kwa mchango wa wote. Wengi wanasita. Mmoja husema: «Kulipia ugonjwa nisiokuwa nao ni kuuita.» Wa pili husema: «Mungu ananitunza, yatosha.» Wa tatu husema: «Watoto wangu ndio mutuele yangu.» Maneno hayo si ya kuchekwa. Tuyapime moja moja.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Sheria ya Kazi ya Congo ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri amtibu mfanyakazi wake, pamoja na mke na watoto. Lakini kazi ikiisha, haki hiyo nayo inakwisha. CNSS, sanduku la serikali lililoshika mahali pa INSS kufuatana na sheria ya mwaka 2016, hulipa pensheni. Pensheni ni fedha ya chakula na nyumba. Si kitanda cha hospitali. Mpango mpya wa serikali wa afya kwa wote, uliozinduliwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, ulianza na akina mama wanaozaa na watoto wachanga. Ni jambo jema sana, lakini haukuanza na wazee. Hivi mtu anaondolewa kinga yake wakati uleule presha, kisukari na giza la macho vinapoanza kumjia. Wenzetu wa Kiliba wanajua vema: kiwanda cha sukari kiliposimama mwaka 1996, kila kilichotegemea kazi ile kilianguka pamoja nayo.

Sasa tumjibu yule wa kwanza. Je, kujiandaa ni kuita mabaya? Yozefu alipokuwa Misri aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Hakuiita njaa, njaa ilikuwa njiani, naye aliwaokoa Wamisri na ndugu zake mwenyewe. Mvuvi anayeziba mtumbwi wake pwani haiti tundu. Na mto wetu Mulongwe, ulipofurika mwezi wa Aprili 2020 na kubomoa nyumba na kuua watu, haukuuliza ni nani aliyeitaja gharika na ni nani aliyenyamaza. Ugonjwa ni vivyo hivyo. Hauitwi kwa kutajwa, wala haufukuzwi kwa kutotajwa.

Wa pili anasema neno zito zaidi, maana analisema kwa jina la imani. Ni kweli kwamba Mungu anatutunza. Lakini anatutunza kwa njia gani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kuona mbele ni sehemu ya fadhila ya busara. Na neno la Kilatini alilolitumia, providentia, ndilo lilelile tunalotumia kutaja maongozi ya Mungu. Mtu anayeona mbele kwa ajili ya nyumba yake hamwondolei Mungu kazi, bali anashiriki kazi yake. Tukumbuke yule aliyepooza wa Kafarnaumu. Bwana wetu Yezu Kristu ndiye aliyemponya. Lakini watu wanne walimbeba, wakapanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamshusha. Injili yasema kwamba Bwana aliiona imani yao. Imani yao ilionekana katika mikono iliyoshika machela. Asiyetaka kuwa na watu wa kumbeba, wala kuwa mmoja wa wabebaji, asijisifu kwamba anaamini kuliko wao.

Wa tatu ameshika Amri ya Nne, naye ana haki. Bwana wetu aliwakemea vikali wale waliotangaza mali yao kuwa sadaka ya hekalu ili wasiwape wazazi wao kitu. Deni la mtoto kwa mzazi halifutwi na karatasi ya chama chochote. Lakini tuangalie jinsi linavyolipwa. Kijana yuko Bukavu, au Kalemie, au Bujumbura. Anapigiwa simu usiku: baba amelazwa. Fedha ya karo ya watoto wake iko katika mfuko uleule. Anakopa, anauza kiwanja, au anachelewa. Pengine mgonjwa anapona, lakini anazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Je, kijana huyo hakumheshimu baba? Alimheshimu, lakini alichelewa kujipanga. Basi, ninyi vijana, mtoe mchango wa mutuele kwa ajili ya wazazi wenu wangali wazima. Tena tuseme ukweli unaouma: mara nyingine ukoo unatafuta ng'ombe, vinywaji na sanduku zuri kwa matanga ya mzee, na fedha hiyo ingalitosha kumlipia matibabu kwa miaka mingi. Kumzika vizuri ni tendo la huruma. Kumtibu ni tendo la huruma pia, tena lenyewe linamkuta angali hai.

Hapo linazuka swali jingine: «Nikilipa mwaka mzima nisiugue, si nimepoteza fedha yangu?» Swali hili linatoka katika likelemba. Sisi sote twajua likelemba: kila mtu anachanga, kila mtu anapokea kwa zamu yake, na kila mtu anaingoja zamu hiyo kwa furaha. Mutuele si hivyo. Hapa kila mtu anaomba zamu yake isifike. Tuseme watu 100 wamechanga faranga 10,000 kila mmoja: ni faranga 1,000,000. Mwaka huo wanne wanapasuliwa, na fedha inakwisha. Wale 96 hawakuibiwa. Walirudi nyumbani wakiwa na afya, na fedha yao iliwaokoa watu wanne. Mtakatifu Paulo alipochangisha kwa ajili ya Wakristu wa Yeruzalemu aliwafundisha Wakorinto jambo hilohilo: wingi wa huyu ujaze upungufu wa yule, na siku nyingine iwe kinyume chake.

Kwa hiyo tunaelewa pia kwa nini vyama hivi vinadai nyumba nzima ijiandikishe, na kwa nini vinamtaka mtu mpya angoje muda kabla ya kutumia kadi. Wakiingia wagonjwa peke yao, sanduku litakauka kabla ya mwaka kwisha. Anayengoja mpaka augue ndipo aje na mchango wake anataka kubebwa na watu aliokataa kuwabeba.

Na kadi je? Mama mmoja anayo. Jirani hana, na mtoto wa jirani ana homa kali. Ampe kadi, amwite mtoto kwa jina la mwanawe? Moyo wasema ndiyo. Lakini huyo anatoa kisichokuwa chake, maana sanduku ni la wote. Msamaria mwema hakuchukua fedha ya mwingine. Alitoa dinari mbili zake mwenyewe, akaahidi kulipa zaidi wakati wa kurudi. Ukitaka kumsaidia jirani, mfikishe mtoto hospitalini, mtolee chako, piteni katika jumuiya mkusanye. Kisha umsaidie naye aandikwe. Na wajane na wazee wasio na kitu kabisa, parokia isiwaache nje ya mlango: jumuiya ndogo yaweza kuchukua mchango wa mzee mmoja.

Kanisa halikuanza mambo haya leo. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alivisifu vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na uzee. Katika nchi yetu, hospitali ya Bwamanda, kaskazini-magharibi, ilianza mpango wa namna hii mwaka 1986. Mwanachama aliyelazwa alilipa asilimia 20 ya gharama, sanduku likalipa zilizobaki. Na wanachama walifika hospitalini mara nyingi kuliko wasiojiandikisha. Kwa jirani zetu wa Jimbo Kuu la Bukavu pia, mutuele zilianza kusimamishwa katika miaka ya 1990.

Lakini busara haitaki mtu atie sahihi akiwa amefumba macho. Mzee anayechagua aulize mambo matano. Kwanza, ni magonjwa gani yanayolipiwa. Hasa dawa za kila mwezi za presha na kisukari, na upasuaji wa macho, maana chama chaweza kuviacha nje. Pili, kadi inapokewa katika kituo gani na hospitali gani, na je, mtu asiyeweza kutembea anafika huko? Tatu, atangoja muda gani, na kila mara atalipa sehemu gani yeye mwenyewe? Nne, kama anaacha kazi mwezi wa Juni, kadi mpya itaanza lini? Ajiandikishe mapema, pasiwe na miezi ya katikati isiyo na kinga. Tano, nani anashika sanduku, na je, hesabu inasomwa mbele ya wanachama? Mutuele zinaweza kufa kwa wizi na kwa uzembe. Kudai hesabu si chuki. Ni haki ya aliyechanga, na ni kumlinda mshika sanduku asiingie katika kishawishi.

Ndugu mzee, umetumika miaka mingi. Kuandika jina lako kati ya wanaochanga si alama ya hofu. Ni kukiri kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja, na kwamba kiungo kizima chapaswa kukichukua kile kinachoumwa. Mungu akikujalia afya mwaka huu wote, umshukuru mara mbili: kwa afya yako, na kwa mgonjwa usiyemjua aliyerudi nyumbani bila deni.