Msafara Uliosimama

Mwaka 2005, siku chache tu kabla ya tarehe 30 Oktoba iliyokuwa imewekwa kuwa siku ya kupiga kura Tanzania nzima, alifariki dunia Jumbe Rajab Jumbe, Mzanzibari aliyekuwa mgombea mwenza wa Freeman Mbowe kwa tiketi ya CHADEMA. Na kwa kuwa sheria haikuruhusu kura ya urais ipigwe ilhali mmoja wa wagombea, awe wa kiti chenyewe au mwenza wake, amekufa, uchaguzi wa Muungano uliahirishwa hadi tarehe 14 Desemba, na Zanzibar ikaendelea peke yake na uchaguzi wa Rais wa Visiwani na Wawakilishi kama ulivyopangwa.

Wanaoikumbuka habari hiyo aghalabu hukumbuka usumbufu wake tu, na jina la marehemu limewatoka. Mgombea mwenza, hasa wa chama kidogo, hupata sehemu ndogo mno ya sifa na ya lawama. Mpiga kura huweka alama moja ya vema, na alama hiyo huwabeba wawili. Mkubwa wake akishinda, naye huwa Makamu wa Rais. Akishindwa, hata kushindwa kwenyewe hakuandikwi kwa jina lake. Na mwaka ule hapakuwa na mwenye akili aliyetarajia kwamba CHADEMA ingechukua Ikulu. Basi mtu wa namna hiyo ana uzito gani mbele ya haki, hata mamilioni ya watu wazima wangojee wiki sita kwa sababu roho yake imetoka?

Ninaloandika naliandika Tabora, na swali hili hapa lina mizizi ya kale. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo ilikanyagwa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, pembe begani au robota la nguo kichwani, kwa safari ya miezi ambayo ndani yake mlikuwa na kiu ya Ugogo, njaa na ndui. Mpagazi alipoanguka asiweze kuinuka, mzigo wake ulitwaliwa ukatwikwa mwingine, na msafara ukaendelea, maana maji yalikuwa mbali na chakula haba. Kilichohesabiwa pwani kilikuwa pembe. Sisemi kwamba viongozi wa misafara hawakuwa na huruma. Nasema kwamba safari yenyewe iliundwa hivyo, ya kumpima mtu kwa kile anachokifikisha.

Hata hivyo njia hiyohiyo iliona jambo la kinyume. Mwezi Oktoba 1873 Susi na Chuma na wenzao walifika Unyanyembe na maiti ya bwana wao, mpelelezi Livingstone, aliyeondoka Kwihara mwaka uliotangulia kwenda kutafuta chimbuko la Nili mahali lisipokuwapo, asilipate, akafa. Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa, aliwashauri wamzike papa hapa; wakakataa, wakambeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwa mizani ya pembe kazi ile haikuwa na faida yoyote, maana mtu wao alikuwa ameshindwa na amekufa. Wao walipima kwa mizani nyingine.

Katika Uislamu, kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika maiti ni faradhi ya kifaya iliyo juu ya shingo za jamii nzima mpaka baadhi yao waitimize, na hakuna aulizaye kwanza kama maiti alikuwa na cheo au alifanikiwa katika alilolianza. Yuko atakayesema kwamba sheria ya uchaguzi haina uhusiano na utukufu huo, kwamba ni utaratibu mkavu uliomtazama mgombea kama jina katika karatasi. Nakubali kwamba haikumjua mtu. Lakini hapo ndipo ninapoiona adili yake: kwa kuwa haikumjua, haikupata nafasi ya kukadiria kura zake, na kifo cha mwenza wa chama kidogo kikaisimamisha nchi sawasawa na vile ambavyo kingeisimamisha kifo cha mwenza wa chama tawala.

Mji huu una sababu ya kuithamini adili hiyo. Hapa ndipo mkutano wa TANU wa Januari 1958 ulipokubali chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaunda African National Congress. Matukio yalithibitisha busara ya uamuzi wa Tabora, wala simtetei Mtemvu katika hilo. Lakini tarehe 1 Novemba 1962, aliposimama dhidi ya Nyerere akapata kura 21,276 kwa 1,127,978, watu hao elfu ishirini na moja walikuwa na pa kuweka kauli yao. Kuanzia 1965 hadi 1990 kura ya Rais ilikuwa ya Ndiyo au Hapana kwa jina moja, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtu wa upande wa pili ambaye kifo chake kingeweza kuisimamisha kura. Ridhaa isiyoweza kukataliwa ina kasoro, kama ilivyo katika ndoa na katika biashara. Na anayesimama akijua atashindwa ndiye anayeiondoa kasoro hiyo, kwa gharama yake mwenyewe.

Desemba 2005 ilipofika, Kikwete wa chama tawala alipata kura 9,123,952, Ibrahim Lipumba, mwana wa Tabora, 1,327,125, na Mbowe 668,756. Nawaomba walimu wa historia wa mkoa huu, wanapowafundisha vijana habari za mwaka 2005, wasiishie kwenye tarakimu hizo. Wawatajie na jina la Jumbe Rajab Jumbe, na wawaeleze kwa nini nchi ilingoja.