Chombo cha marehemu ni cha nani?

Wagiriki wa kale hawakuzoea kunywa divai tupu. Waliichanganya na maji ndani ya chombo kikubwa, kisha mtumishi aliichota kwa upawa wa mkono mrefu, akaipitisha mu kichujio ili kuondoa machicha, akajaza vikombe vya wageni. Waetruski, waliokaa Italia ya katikati, waliipenda desturi hiyo, wakawa mafundi wakubwa wa vyombo vya bronzi, ni kusema shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Mara nyingi ncha ya upawa ilipindwa kama kichwa cha bata, juu ya kuutundika ukingoni mwa chombo.

Vyombo hivyo vilikuwa mali ya bei. Hata vile, Waetruski walivizika pamoja na wafu. Zaidi ya hayo, katika eneo la Bolsena, karne ya 4 na ya 3 mbele ya Yesu, walichora juu ya mitungi na vioo neno moja: suthina. Maana yake, hiki ni cha kaburi. Juu ya kioo, mara nyingi neno lilichorwa upande ule wa kujitazama, ili kisitumike tena.

Sasa je, ule haukuwa upotevu? Mfu hanywi, na mwenye kiu yuko hai. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini tuone vizuri neno lile linasema na nani. Linasema na mrithi, ambaye kesho anaweza kujuta ao kurudi kuchukua. Kutoa kitu huku mkono wako ungali juu yake, njo kukopesha. Sisi tunaoona ndugu wakigombania masufuria kilio kingali kibichi, tunaelewa faida ya neno la kufunga.

Leo vyombo vyenye neno hilo viko katika majumba ya makumbusho, hata London na New York. Je, kila mchimbaji ni mwizi? Mwizi wa makaburi anatoa kile kinachouzika, anatawanya vingine, na mwenyewe marehemu anasahaulika. Mtu wa elimu naye anavunja neno, tusimpambe. Ila akiandika kila kitu kilikutwa wapi na kando ya nani, akaviacha pamoja, marehemu angali na karamu yake. Hilo njo deni la elimu: ukimtolea mfu mali yake, usimtolee pia historia yake.